Somo: Kufika Angel Falls kwa mtumbwi au kwa ndege

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, aliyewahi kusimama ukingoni mwa Shimo la Mungu pale Newala magoti yakalegea, ajiandae: Angel Falls ya Venezuela ina mita 979. Hakuna maporomoko marefu zaidi duniani.

Hatua ya 1: Chagua msimu. Hapa ndipo wengi hupotea. Sisi watu wa kusini, kabla ya Daraja la Mkapa la mto Rufiji kufunguliwa 2003, tulizoea kusubiri kiangazi ndipo tusafiri. Kule fanya kinyume. Maji yale hayatoki ziwani wala kwenye theluji, ni mvua inayonyesha juu ya Auyantepui, mlima wenye kilele bapa. Mvua ikikata, maporomoko hubaki uzi, na mto hupungua mtumbwi usipite. Nenda kati ya Juni na Novemba.

Hatua ya 2: Fika Canaima, kijiji cha kuanzia safari ya mtumbwi. Barabara hakuna. Unapanda ndege ndogo kutoka Ciudad Bolívar au Puerto Ordaz.

Hatua ya 3: Panda mtumbwi. Wanauita curiara: wa gogo kama yetu ya Mikindani, ila mrefu sana na una mashine nyuma. Manahodha ni Wapemon, wenyeji wa pale. Mnapandisha mto Carrao, kisha Churún, kwa muda wa saa nne hivi. Penye mkondo mkali wa Mayupa abiria hushuka wakatembea, mtumbwi ukapita mwepesi. Mkishafika mnapanda msituni kama saa nzima, mizizi na mawe yanateleza. Usiku mnalala kwenye machela za kuning'iniza. Funga nguo kwenye nailoni, maana utalowa tu.

Hatua ya 4: Ndege ya kutazama, kwa asiye na muda. Inazunguka dakika chache, na wingu likitanda huoni kitu. Mimi nawashauri mtumbwi.

MASWALI

Somoe, Lindi: Mwalimu, Angel ndiyo malaika?
Hapana, dada. Ni Jimmie Angel, rubani Mmarekani. Mwaka 1937 alitua juu ya mlima ule, ndege ikanasa kwenye tope, yeye na wenzake wakashuka kwa miguu siku 11. Wapemon wanapaita Kerepakupai Merú.

Baba Hawa, Masasi: Malaria tumeizoea, dawa za nini?
Usifanye hivyo, kaka. Jimbo la Bolívar, yaliko maporomoko, lina malaria nyingi, na zaidi ni aina ya vivax, siyo hii yetu. Muone daktari kabla ya safari, na umuulize pia chanjo ya homa ya manjano.