Somo: Chesisi ya Land Rover iliyoliwa kutu na kupasuka, kabla hujavuta tela tena

Somo hili ni la wenye Land Rover za zamani, hasa 110, zinazovuta boti na matela huku pwani: Tanga, Pangani, Kilifi, Mtwapa, Mikindani. Bodi ya gari hili ni ya aluminiamu, kwa hiyo kwa nje linaweza kuonekana zima miaka mingi huku chesisi ya chuma ikiliwa chini kwa chini. Na la kushushia boti ndilo linaloliwa upesi kuliko yote, maana kila boti inapoingizwa majini, sehemu ya nyuma ya chesisi nayo inaoga. Maji ya bahari huingia ndani ya chesisi, ambayo ina uwazi kama boksi, kupitia matundu yake, yakikauka chumvi inabaki, na unyevu wa pwani unaiamsha kila usiku hata kama gari limeegeshwa tu.

Chesisi yenyewe si chuma kizito. Ni bati la takriban milimita 2 lililokunjwa na kuchomelewa likawa boksi, na kutu inaanzia ndani ya boksi hilo. Ukiona tundu kwa nje, ujue kwa ndani kazi ilishafanyika zamani.

Kwa hiyo nalisema mapema, na hapa sina mzaha: kiraka kilichochomelewa juu ya kutu si matengenezo. Ni kificho. Tela likichomoka na kipande cha chesisi barabarani, anayeumia ni mtu wa bodaboda aliye nyuma yako, ambaye hakuwa na habari yoyote na gari lako.

Hatua ya 1: Osha, gonga, dunga

Osha chini kwa maji ya presha mpaka tope lote litoke, kisha acha gari likauke juani. Chukua nyundo ndogo uanzie mbele kurudi nyuma, ukigonga mihimili yote miwili mirefu ya chesisi kila baada ya upana wa kiganja. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kububu, na mara nyingine utasikia magamba ya kutu yakimwagika ndani kama mchele kwenye debe. Pale palipobubu, dunga kwa bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama, zungushia chaki.

Usipite haraka sehemu hizi: krosimemba ya nyuma, yaani ile boriti ya kulala inayobeba kulabu ya kuvutia, hasa upande wake wa chini na kwenye pembe, mahali mihimili inapopanda juu ya ekseli ya nyuma, mikono ya pembeni inayoshika bodi, makalio ya springi, yaani pale springi zinapokalia, mashikio ya mikono ya ekseli, na mbele pale boksi la usukani linapofungwa.

Nyufa zina tabia yake. Nyingi huanzia kwenye tundu la bolti, mwisho wa mstari wa kuchomelea wa zamani, au pale chuma kinene kinapokutana na chembamba. Dalili ya kwanza ni mstari mwembamba wa vumbi la hudhurungi linalotoka kwenye rangi. Hapo safisha kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, pakaa mafuta ya taa, subiri robo saa, futa kwa kitambaa kikavu, kisha pulizia unga wa chaki nyeupe. Tazama kwa utulivu. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda kwenye chaki na kuchora mstari mweusi, na karibu kila mara mstari huo ni mrefu kuliko ulivyouona kwa macho. Weka alama kwenye ncha zake zote mbili.

Hatua ya 2: Amua kama inafaa kutibiwa

Tundu moja moja lenye chuma kizima pande zote linatibika. Krosimemba iliyooza peke yake inatibika kwa kubadilishwa nzima. Zinauzwa zikiwa na mikono mirefu ya kuungia kwenye mihimili, na huo ndio ununuzi wa busara kwa gari la kuvuta. Lakini ukikata ukitafuta chuma kizima, ukaendelea kukata, na bado hujapata pa kushikia, au kutu imefika kwenye makalio ya springi na mashikio ya ekseli pande zote mbili, chesisi hiyo imekwisha. Tafuta nyingine. Pesa ya viraka kumi hairudi.

Uamuzi huu ufanyike kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa, kwa sababu fundi akishaanza, kila mtu anataka kumaliza.

Hatua ya 3: Ondoa vinavyoweza kuua

Kwenye 110 tangi la dizeli liko nyuma, jirani kabisa na krosimemba. Litoe, ulipeleke mbali. Usidanganyike kwamba ni tupu: tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Sogeza bomba za breki, bomba za mafuta na nyaya zinazopita juu ya mhimili au ndani yake. Fungua vichwa vya betri, hasi kwanza, chomoa na altaneta. Kama ni yenye injini ya Td5, zile zilizoanza 1998, chomoa pia kompyuta ya injini.

Usisafishe kwa dawa ya kupuliza ya kuoshea breki halafu ukachomelea. Baadhi zina klorini, na zikipata moto wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu inayoharibu mapafu. Tumia brashi, grenda na kitambaa.

Ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto viwe karibu, na mtu mmoja akae baada ya kazi kuangalia, kwani cheche hujificha kwenye matope makavu na nyaya.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kukata

Wengi wanairuka hii, na ndiyo inayotofautisha gari linalokwenda sawa na gari linalotembea kama kaa. Liweke gari kwenye sakafu iliyo sawa, juu ya stendi imara, chesisi ikiwa imeshikiliwa mbele na nyuma ya pale utakapokata. Jeki peke yake haitoshi. Teremsha timazi kutoka matundu yanayolingana kushoto na kulia, weka alama sakafuni, kisha pima mshazari: kushoto mbele hadi kulia nyuma, na kulia mbele hadi kushoto nyuma. Vipimo vilingane. Visipolingana, chesisi imepinda, na kupinda kunanyooshwa kwanza. Andika vipimo ukutani, upime tena baada ya kila hatua ya kuchomelea.

Hatua ya 5: Kata mpaka chuma kizima

Kata kutu yote, usiibembeleze. Ukingo unaobaki uwe na unene wake na ung'ae pande zote mbili. Pembe za tundu ulilokata ziwe za mviringo, kwani pembe kali ni mwaliko wa ufa mpya.

Kama ni ufa tu kwenye chuma kizima, toboa tundu la milimita 5 mbele kidogo ya kila ncha uliyoiona kwa chaki. Tundu hilo linazuia ufa usiendelee kukimbia. Kisha chimba mfereji wa umbo la V kwa grenda kufuata ufa wote, ili moto ufike chini.

Hatua ya 6: Kuchomelea

Kibano cha ethi, yaani cha waya wa kurudishia umeme kwenye mashine, kikae karibu na kazi, kwenye chuma kilichosafishwa. Umeme usipitie kwenye beringi wala springi.

Jaza mfereji, saga usawa na chuma, ndipo uweke bati la kuimarisha. Bati liwe la milimita 2.5 hadi 3. Mafundi wengi hapa wanaweka la milimita 6 wakidhani wanasaidia. Bati nene juu ya jembamba linakataa kunyumbulika, na baada ya muda chesisi inapasuka sawasawa pembeni mwa kiraka. Ncha za bati zisiwe wima kama dirisha. Zikate kwa mshazari, kama almasi au mkia wa samaki, ili mzigo upokelewe taratibu. Na usivushe mstari wa kuchomelea kwa kukingama kwenye uso wa juu au wa chini wa mhimili, kwani hapo ndipo mvuto na mgandamizo ni mkubwa kuliko kwingine.

Chomelea vipande vifupi kwa kubadilisha upande, uache vipoe vyenyewe. Usimwagie maji.

Hatua ya 7: Kinga

Praima ya zinki, kisha rangi kwa nje. Lakini moto umeshaunguza kila kilichokuwa ndani ya boksi nyuma ya mshono, kwa hiyo kutu mpya itaanzia hapo. Pulizia nta ya kuzuia kutu ndani kwa mpira mrefu kupitia matundu ya chesisi. Hakikisha pia hukuziba tundu la kutolea maji kwa kiraka chako.

Kila ukitoka baharini, ingiza mpira wa maji yasiyo na chumvi ndani ya mihimili mpaka yanayotoka yawe safi.

Maswali ya wanachama

*Fundi, shikamoo. Hapa kwetu wanapaka oili chafu chini ya gari kila mwaka. Inasaidia?*

Marahaba. Kwa nje inazuia maji kidogo, ila ina masizi na tindikali za injini, inalainisha bushi za mpira, inadondokea ardhini, na siku ya kuchomelea inashika moto. Ndani ya boksi, ambako tatizo liko, haifiki. Nunua nta.

*Mimi nimechomelewa sehemu ileile mara mbili na ufa unarudi. Fundi wangu ni mzuri. Shida nini?*

Basi, kaka, acha kumwangalia fundi, angalia mzigo. Je, kulabu yako imefungwa kwenye krosimemba peke yake, au ina vile vyuma viwili vya kuishikilia vinavyokwenda mbele hadi kwenye mihimili? Kama imeshushwa chini kwa bati refu bila vyuma hivyo, kila breki inaikunja krosimemba kama mtu anayefungua kopo. Angalia pia tela. 110 imeruhusiwa kuvuta kilo 3,500 tela likiwa na breki zake, na kilo 750 tu likiwa halina. Boti nyingi hapa pwani ziko juu ya matela yasiyo na breki kabisa, au breki zake zilishaganda kwa chumvi. Tengeneza tela kwanza.

*Nina mashine ya rodi tu, sina ya waya. Nitumie rodi gani?*

Kwa bati la milimita 2, rodi ya 6013 ya milimita 2.5 na umeme wa chini inatosha mkononi mwa anayejua. 7018 ni imara zaidi, lakini inataka kukaa kavu. Pakiti iliyofunguliwa ikakaa wiki kwenye hewa ya Tanga imeshanyonya unyevu, na mshono wake unaweza kupasuka. Fanya majaribio kwenye vipande chakavu vya unene uleule, uvikunje kwa nyundo uone kama vinaachia.

*Nimeagiza chesisi iliyochovywa zinki kutoka Uingereza. Kuna la kuangalia?*

Mawili, dada. Namba ya chesisi imegongwa kwenye mhimili wa kulia mbele, kwa hiyo kabla ya kubadilisha ongea na TRA kama uko Tanzania, NTSA kama uko Kenya, ujue utaratibu wa kuandikisha. Usikate namba ukaibandika kwingine. Pili, usichomelee chochote juu ya zinki bila kuisaga kwanza. Moshi wake unaleta homa na kutetemeka usiku. Vya nyongeza vifunge kwa bolti.

*Niuze hii ninunue Toyota? Wanasema hazioti kutu.*

Chuma ni chuma. Mwaka 2016 Toyota ilikubali suluhu katika kesi huko Marekani kuhusu chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizotobolewa na kutu. Kule ni chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, kwetu ni ya bahari. Ukinunua Hilux au Land Cruiser ya kushushia boti, hatua ya kwanza ya somo hili ni ileile.

*Na Fuso yangu ya tani 7 imepasuka nyuma ya kabini. Nifuate hatua hizi?*

Hapana. Chesisi za malori mara nyingi ni za chuma kigumu zaidi, na joto la kuchomelea linaweza kukidhoofisha kuliko ufa wenyewe. Fuata maelekezo ya mtengenezaji. Mara nyingi ni kuimarisha kwa chaneli na bolti za nguvu. Kwa sasa shusha mzigo, na usiitoe barabarani.