Kahawa chungu ya kusomea: kuipika na kuipima

Anayetafuta mmea wa kumwamsha akili wakati wa kusoma hana haja ya kununua unga usio na jina kwenye kichupa. Buni, yaani punje za kahawa, iko sokoni. Kafeini iliyomo huuzuia ubongo usiusikie uchovu kwa saa chache, basi. Haifidii usingizi uliokosekana. Ndiyo maana kipimo kina uzito kuliko ukali.

Anza na aina. Robusta ya Bukoba ina kafeini karibu maradufu ya arabika ya Kilimanjaro (Wahaya huichemsha na ganda lake, wakaikausha na kuitafuna hivyo hivyo). Asiyezoea aanze na arabika.

Toa mawe na punje mbovu kwenye gramu 100 za buni, ukaange kwenye kikaango kizito, moto wa wastani, ukikoroga bila kupumzika kwa dakika 12 hadi 15. Italia kama bisi. Ikishalia na kugeuka kahawia iliyokolea, imimine upesi kwenye ungo, upepete. Ukiiacha kikaangoni inaendelea kuiva. Wengi huichoma mpaka iwe nyeusi tititi wakidhani wameongeza nguvu. Walichoongeza ni uchungu tu. Ikitoka na harufu ya nyasi, umeiepua mapema. Twanga ikiwa imepoa, ibaki chengachenga: unga laini mno hautulii, na utakunywa mashapo.

Kwa nusu lita ya maji, ponda tangawizi kavu ya urefu wa kidole gumba, ichemke dakika 5. Tia gramu 25 za kahawa, yaani vijiko vitano vya chakula visivyofurika, na upunguze moto kabla haijafura na kumwagikia jiko. Baada ya dakika 5 epua, tia punje 4 za iliki zilizopondwa, funika, iache itulie. Iliki ikichemka muda mrefu harufu yote huishia hewani. Mimina taratibu bila kulitikisa dele (birika la kahawa).

Hapo utapata finjani kama nane. Ya arabika ina takriban miligramu 35 za kafeini, ya robusta 65 hivi. Kunywa moja au mbili nusu saa kabla ya kukaa kitabuni, na uongeze moja baada ya saa mbili ukihitaji. Mtu mzima mwenye afya asivuke miligramu 400 kwa siku, mjamzito 200. Mikono ikitetemeka au moyo ukienda mbio, umezidisha: acha, kunywa maji, subiri. Nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo finjani ya saa kumi na mbili jioni huiba usingizi, na kesho yake kichwa kinakuwa kizito kuliko jana.

Mwenye upungufu wa damu asinywe pamoja na chakula, kwani kahawa huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Apishe saa moja au mbili. Mwenye vidonda vya tumbo, presha isiyotulia au matatizo ya mapigo ya moyo, na anayetumia siprofloksasini (dawa ya kuua bakteria), amuulize daktari kwanza. Watoto wasipewe. Aliyezoea finjani nyingi kila siku apunguze moja moja. Akikatisha ghafla kichwa kitamuuma siku kadhaa.

Umakini ukiwa haba kwa wiki nyingi ingawa unalala vya kutosha, nenda ukapimwe damu na macho kabla ya kurudi kwenye dele.