Kabla ya kusubu chubwi nyumbani, ijue risasi yako

Anayevua kwa mshipi kwenye miamba anajua chubwi, yaani vile vizito vya kuzamisha ndoana, zinavyoisha. Inanasa, unavuta, uzi unakatika, na kesho yake unatafuta nyingine. Ndiyo maana wavuvi wengi husubu zao wenyewe, yaani huyeyusha risasi ya chakavu (ile metali nzito, si ya bunduki) na kuimimina kwenye kalibu, chombo chenye umbo la chubwi. Kuyeyusha ni kazi ya muda mfupi. Kazi hasa ni kuchambua chakavu kabla jiko halijawashwa, kwa sababu kitu kibaya kikishaingia chunguni hakitoki kirahisi, na vingine huishia kwenye damu ya watoto.

Nianze na betri ya gari, maana ndiyo rahisi kupatikana na ndiyo isiyofaa kabisa. Ndani yake mna asidi, na sehemu kubwa ya risasi yake imekwisha kugeuka unga mwembamba unaopeperuka na kukaa kwenye nguo, ukuta na mchanga wa uani. Sahani zake huchanganywa antimoni inayozifanya ngumu, pengine na aseniki kidogo, au kalisi (kalsiamu) kwa betri nyingi za siku hizi, na taka za michanganyiko hiyo zikikutana na unyevu zinaweza kutoa gesi yenye sumu kali. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 katika eneo ambalo watu walikuwa wakichekecha udongo uliojaa mabaki ya betri ili wapate risasi ya kuuza. Kwetu tunaijua habari ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi walidhurika kwa kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo betri iliyokufa iuzwe nzima kama ilivyo. Usiipasue, hata ukiambiwa ndani mna kilo ngapi.

Chakavu kizuri ni mabomba ya maji ya zamani, mabati ya risasi yaliyozibia mapaa, na maganda ya nyaya nene za simu na umeme, mradi umeuziwa kihalali. Hiyo huwa risasi laini, karibu tupu. Ukiikwaruza kwa ukucha inaacha alama, ukiikata kwa kisu inang'aa kisha inafifia, ukiiangusha sakafuni inatoa mlio mzito uliokufa. Vile vipande vya kubalansia magurudumu, ambavyo mafundi tairi huvitupa kwenye kopo, ni vigumu zaidi kwa sababu vina antimoni, kwa kawaida asilimia mbili hadi nne. Navyo vinafaa, ila siku hizi vingi si risasi tena bali ni zinki au chuma. Chuma utakiondoa kwa sumaku. Zinki ndiyo yenye hila, maana rangi zinafanana. Tazama kama pamechapwa Zn, alama ya zinki. Kama hapana, kibane kwa koleo la kukatia: risasi inaingia meno, zinki inagoma, na ukiiangusha inalia kwa sauti kali.

Ukibaki na shaka, tumia mizani ya kuning'inizia. Kipande cha gramu 1,000 cha risasi tupu kikizamishwa chote majini huku kimening'inia kitasoma karibu gramu 912. Cha zinki kitasoma karibu 860. Kikaushe vizuri kabla ya kukiweka kwenye fungu lake. Kwa kipande kidogo kipimo hiki hakisaidii sana, basi kitupe tu. Gramu thelathini si hasara, lakini zinki ikiyeyukia ndani, risasi yote inageuka kama uji na haijazi kalibu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na zinki kwenye 419, kwa hiyo ukizuia moto usipande sana, kipande kilichokuponyoka kitaelea na utakiopoa kwa kijiko cha chuma.

Kuchanganya kusikuumize kichwa. Chubwi ndogo ya kubana kwenye uzi kwa meno ya koleo inataka risasi laini peke yake; ngumu itakata uzi. Meno ya mdomoni usiyatumie kabisa. Chubwi kubwa ya kutupa mbali haijali: nusu laini na nusu ya zile za matairi inajaza kalibu vizuri. Wapo wanaoongeza waya wa kulehemu ili kupata madini ya bati. Kwa chubwi mimi naona ni kupoteza pesa.

Kila kipande kiwe kikavu, mabomba yapasuliwe yasifiche maji, na vyote vitiwe chunguni kungali baridi. Tone moja la maji chini ya risasi iliyoyeyuka hulipuka kuwa mvuke na kuirusha usoni. Chungu kiwe cha chuma, si sufuria ya alumini, na kisirudi jikoni milele. Fanyia kazi nje, upepo ukitokea mgongoni, kwa miwani, glavu za ngozi na viatu vya kufunika, si ndala. Watoto na mjamzito wasiwe karibu, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa moto wa kiasi hatari kubwa ni vumbi na ile taka ya kijivu inayoelea: inashika mikono, mikono inashika chakula. Taka hiyo iweke kwenye kopo lenye kifuniko, nguo zifuliwe peke yake, na usile wala kuvuta sigara kabla hujanawa kwa sabuni.

Risasi ya kwanza usiimimine moja kwa moja kwenye kalibu za chubwi. Isubu vipande vidogo vya akiba, uvichore kwa msumari vikishapoa: L kwa laini, N kwa ngumu. Usichokijua asili yake kiweke kando, kisichanganywe na vingine.