Nywele za mbele zikianza kukimbia
Ukisukwa na kichwa kikauma hata hujainuka kitini, mwambie msusi afumue mistari ya mbele hapo hapo. Maumivu na vipele vidogo kwenye paji ni dalili kwamba nywele zinavutwa shinani. Ukivumilia msuko baada ya msuko, shina huwa kovu, na hapo hakuna mafuta yatakayoziotesha tena. Rasta ziwe nyepesi, vinyweleo laini vya pembeni viachwe, na ufumue kabla ya wiki 8. Kisha zipumzishe wiki 2 au zaidi, na dawa ya kulainisha isiingie wiki ile ile ya kusuka.

Kwa joto hili la Mombasa, usifunge mtandio juu ya nywele mbichi, wala usibane fundo pale pale kila siku.

Mama aliyejifungua zikimdondoka kuanzia mwezi wa 3 asihangaike, kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka. Mwanamume anayepungukiwa pembeni mwa paji na utosini, mara nyingi ni urithi: minoksidili, dawa ya kupaka kichwani ya kuotesha nywele, husaidia baadhi, lakini huchukua miezi kadhaa, na akiiacha zinaanguka tena. Viraka vyenye magamba, hasa kwa mtoto, mpelekeni kwa daktari.