Namna ya kupeleka jambo lako kwenye halmashauri ya kijiji na kulifuatilia mpaka liamuliwe

Kwa mkazi wa kijiji cha Tanzania Bara, chombo cha serikali kilicho karibu naye kuliko vyote ni halmashauri ya kijiji, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita serikali ya kijiji. Ndiyo inayosimamia ardhi, inayopanga kazi za maendeleo na inayotunga sheria ndogo, na ofisi yake ndiyo unayoiendea unapohitaji barua ya utambulisho. Hata hivyo, wanakijiji wengi wanaifahamu kwa mlango wa Mwenyekiti na muhuri wa Mtendaji tu, na kwa sababu hiyo mambo mazito huishia kwenye mazungumzo ya kando ya njia, yakaahidiwa na kusahauliwa. Mwongozo huu unaeleza njia ambayo jambo la mwanakijiji linapaswa kupita ili lifikie uamuzi ulioandikwa. Hauhusu Zanzibar, ambako ngazi ya chini ni shehia na msimamizi wake ni Sheha, wala miji ambayo imegawanywa katika mitaa.

Nani ana mamlaka gani

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inatenganisha vyombo viwili ambavyo watu huvichanganya mara kwa mara. Cha kwanza ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, awe mtu amezaliwa pale au amehamia, awe na chama cha siasa au asiwe nacho. Huu ndio wenye kauli ya mwisho katika mambo ya sera ya kijiji. Cha pili ni halmashauri ya kijiji, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya utendaji. Wajumbe wake ni kati ya 15 na 25, nao ni Mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote, na wajumbe wengine waliochaguliwa, wakiwemo wanawake walioingia kwa nafasi zilizotengwa kwa ajili yao. Viongozi hawa huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi uliowaweka madarakani waliopo sasa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024.

Afisa Mtendaji wa Kijiji yuko katika fungu jingine. Yeye ni mtumishi aliyeajiriwa, si kiongozi wa kuchaguliwa, na ndiye katibu wa vikao, yaani mtunzaji wa mihtasari, rejesta na muhuri. Balozi wa nyumba kumi, ambaye katika vijiji vingi bado ndiye wa kwanza kuendewa na mtu mwenye shida, ni kiongozi wa chama. Anaweza kukusaidia sana kupatanisha majirani, lakini hana kiti katika halmashauri kwa ubalozi wake.

Liko jambo moja katika mpangilio huu ambalo kila mwanakijiji anapaswa kulitafakari. Mwenyekiti anayeongoza halmashauri ndiye huyohuyo anayeongoza mkutano mkuu, kwa hiyo anayepaswa kutoa hesabu ndiye anayegawa nafasi ya kuzungumza. Hata Mwenyekiti mwadilifu huelemewa na hali hiyo jua linapokuwa kali na watu wameanza kuondoka. Kinga ya mwanakijiji ni maandishi, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu namna ya kuhakikisha kwamba jambo lako linaingia katika maandishi na linabaki humo.

Kwanza uliza kama jambo hilo ni la halmashauri

Miaka ya karibuni huduma kadhaa za kijijini zimewekwa chini ya taasisi nyingine. Mradi wa maji wa bomba au kisima cha pampu kwa kawaida huendeshwa na chombo cha watumia maji cha jamii, kinachosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa Sheria Na. 5 ya 2019. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017. Shule ya msingi ina kamati yake, na zahanati ina kamati yake ya usimamizi. Halmashauri ya kijiji inaweza, na inapaswa, kuwaandikia hao wote kwa niaba ya wakazi, lakini ukiitaka itengeneze daraja ambalo haina fedha wala mamlaka nalo, utapata ahadi tu. Omba kitu kinachowezekana: kwamba halmashauri ijadili hali ya daraja, iandike barua kwa meneja wa TARURA wa wilaya, na isome majibu yake katika mkutano mkuu ujao.

Anza kitongojini, kisha andika barua

Mwenyekiti wa kitongoji chako ni mjumbe wa halmashauri kwa wadhifa wake, na mtu wa kwanza kumweleza jambo ni yeye. Kumruka si kosa la kisheria, ila kunakunyima mtetezi ndani ya kikao ambacho wewe hutakuwepo. Nenda kwake pamoja na wakazi wengine wawili au watatu wanaoguswa na jambo hilohilo, kwa sababu tatizo la mtu mmoja huchukuliwa kuwa ugomvi wake, ilhali la kaya kadhaa huchukuliwa kuwa la kitongoji.

Baada ya hapo andika barua kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, ambaye ndiye katibu. Barua iwe ya ukurasa mmoja, yenye tarehe, jambo lenyewe, mahali lilipo, watu wanaoathirika, na ombi moja lililo wazi. Andika nakala mbili, umwombe Mtendaji agonge muhuri wa kupokea na tarehe kwenye nakala utakayobaki nayo. Usione haya kuomba muhuri huo, kwa kuwa ni utaratibu wa kawaida wa ofisi ya umma, na bila muhuri huo huna namna ya kuonyesha baadaye kwamba jambo lilifika.

Barua itapelekwa kwenye mojawapo ya kamati za kudumu, ambazo kwa kawaida ni tatu: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii na shughuli za kujitegemea, na ya ulinzi na usalama. Kamati huchambua na kupendekeza tu, nayo halmashauri, ambayo hutakiwa kukaa kila mwezi, ndiyo inayoamua. Uliza tarehe ya kikao, na siku chache baadaye uliza kilichoamuliwa.

Ndani ya mkutano mkuu

Mkutano mkuu wa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ajenda zake zinafanana karibu kila mahali: kufungua, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, taarifa za kamati, mengineyo, na kufunga. Wasiozoea mikutano hii husubiri mengineyo ndipo wanyanyue mkono. Wakati huo Mwenyekiti anatazama saa, mgeni kutoka wilayani anataka kuondoka, na majibu yote huwa "tumelipokea". Jambo zito lisingoje huko. Liombee nafasi katika ajenda kupitia barua yako, mapema, kabla tangazo la mkutano halijabandikwa.

Sehemu yenye nguvu kuliko zote ni yatokanayo, kwa sababu hapo ndipo maamuzi ya mkutano uliopita yanapodaiwa utekelezaji mbele ya walioyapitisha. Ukitaka kuitumia, fika kabla ya muhtasari kusomwa na usikilize kwa makini. Kama jambo lililokubaliwa halimo, nyanyua mkono kabla ya muhtasari kuthibitishwa na useme, kwa heshima na kwa sauti ya kusikika: "Ndugu Mwenyekiti, katika mkutano uliopita tulikubaliana kwamba mpaka wa njia ya mifugo upimwe upya. Naomba liingizwe kwenye muhtasari." Muhtasari ukishathibitishwa bila jambo hilo, kulirudisha ni kazi ngumu. Kama limo, subiri yatokanayo na uulize mambo matatu tu: nani alikabidhiwa, amefikia wapi, na lini atamaliza. Hotuba ndefu kuhusu uongozi mbovu huwafurahisha wasikilizaji, lakini humpa kiongozi nafasi ya kujibu hasira badala ya kujibu swali.

Wanawake na vijana wahimizwe kukaa mbele. Nalisema hili kwa uzito, kwa kuwa katika mikutano mingi wanawake ndio wengi kwa hesabu, lakini hukaa pembeni au nyuma, na anayegawa nafasi huwaona wa mbele. Wakikaa mbele kwa makubaliano, na mmoja wao akapewa jukumu la kusema kwa niaba ya wenzake, mjadala hubadilika.

Fedha na michango

Taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kusomwa katika mkutano mkuu na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Usiridhike na jumla. Omba kila chanzo kitajwe peke yake, iwe ushuru, michango, faini au fedha zilizoletwa na wafadhili, na kila matumizi yaambatane na stakabadhi. Kuhusu mchango wa maendeleo, uliza uliidhinishwa na mkutano mkuu wa tarehe ipi, na unapolipa dai stakabadhi. Faini za sheria ndogo nazo zina sharti lake: sheria ndogo ya kijiji huandaliwa na halmashauri ya kijiji, hupelekwa mbele ya mkutano mkuu, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kabla ya idhini hiyo haina nguvu, hata kama imesomwa kwa kipaza sauti.

Ardhi

Hapa ndipo halmashauri ya kijiji inapogusa maisha ya watu kwa kina kuliko popote pengine, na ndipo makosa yake huumiza vizazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeikabidhi usimamizi wa ardhi yote ya kijiji, lakini imeiweka katika nafasi ya mdhamini, kama msimamizi wa mirathi anayetunza mali ambayo si yake. Sheria hiyo inasema waziwazi kwamba halmashauri haitagawa ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila bila idhini ya awali ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo ukisikia kwamba mwekezaji, ndugu wa kiongozi au mfugaji mgeni amepewa ekari kadhaa, swali la kuuliza si kama Mwenyekiti alisaini. Uliza ni mkutano mkuu upi ulioidhinisha, na uombe muhtasari wake usomwe pamoja na orodha ya waliohudhuria.

Anayenunua shamba kijijini naye ajihadhari. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 1985, ilishikilia kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyopata idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa Mtendaji na saini za majirani wawili haitoshi. Hakikisha kuwa ombi limejadiliwa katika kikao cha halmashauri na uamuzi umeandikwa katika muhtasari wenye tarehe. Raia wa kigeni hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji kwa njia hii hata halmashauri nzima ikikubali.

Kwa anayetaka kupata hati ya hakimiliki ya kimila, kazi huwa nyepesi kijiji kikiwa na cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Kama havipo, hilo peke yake ni jambo la kupeleka kwenye ajenda. Kama vipo, ombi lako hujazwa kwenye fomu maalumu, mipaka huhakikiwa mbele ya majirani, na halmashauri hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 90. Wenzi wanaotumia shamba kwa pamoja waandikishwe wote wawili. Mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi imebatilishwa na sheria hiyohiyo, na mjumbe anayeitumia kukataa ombi la mjane anakwenda kinyume cha sheria, hata akiungwa mkono na wazee wa ukoo.

Mgogoro wa mpaka usipelekwe kwa mgambo. Kila kijiji kinapaswa kuwa na baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao angalau wakiwa wanawake, waliopendekezwa na halmashauri na kuthibitishwa na mkutano mkuu. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, mgogoro huenda kwenye baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 nalo husuluhisha tu bila kutoa hukumu, kisha kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Hifadhi maandishi ya kila hatua, kwa sababu ngazi ya juu itakuuliza kama ulipita ya chini.

Mikutano isipoitishwa

Yapo maeneo ambako mkutano mkuu hukaa mwaka mzima bila kuitishwa. Wakazi wasikae kimya, na pia wasijiitishie mkutano wao wenyewe chini ya mti, kwa kuwa maamuzi yake hayatatambuliwa. Andikeni barua kwa Mtendaji wa kijiji mkiomba mkutano, mkitaja tarehe ya mwisho uliofanyika na mambo yanayosubiri, na wakazi wengi kadiri iwezekanavyo watie saini. Pelekeni nakala kwa Afisa Mtendaji wa Kata na kwa diwani. Zikipita wiki tatu au nne bila jibu, mwandikieni Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri ya wilaya, mkiambatisha nakala ya barua ya kwanza yenye muhuri wa kupokelewa, na nakala ya barua hiyo mpya mpelekeeni Mkuu wa Wilaya. Chagueni mtu mmoja wa kuzitunza nakala zote katika faili moja, na mwingine wa kufuatilia majibu wilayani.