Jinsi ya kuandikisha nyumba yako ya Lubumbashi kwa wageni wa Airbnb na Booking.com

Wengi wetu hapa Lubumbashi tunaanza na picha. Mtu anapaka rangi kanyumba ka nyuma ya lupango (kiwanja chake), ananunua mashuka mapya, anapiga picha kwa simu na kufungua akaunti usiku huohuo. Mgeni wa kwanza anakuja, analala, anaondoka, na pesa hazifiki. Au zinafika, halafu mtu wa komine anabisha mlangoni akiulizia makaratasi. Kwa hiyo tutaanzia upande wa pili: hati, jina, benki. Picha zitangoja.

Nyumba ni ya nani kwenye karatasi?

Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Mwenye lupango ana haki ya kuutumia tu, na hati inayothibitisha haki hiyo ni certificat d'enregistrement. Kama unayo na imeandikwa jina lako, toa fotokopi mbili na uruke sehemu hii.

Kazi iko kwenye malupango ya urithi, na ndiyo mengi. Baba alifariki, hati bado ina jina lake, watoto wametawanyika Lubumbashi, Kolwezi na Brussels, na mmoja tu ndiye mwenye funguo. Huyo asifungue akaunti peke yake. Familia ikutane, iandike procès-verbal ya conseil de famille (kumbukumbu rasmi ya kikao cha familia), kila mrithi asaini, na yule mwenye funguo apewe procuration, yaani idhini rasmi ya kuwawakilisha wengine, ili apangishe. Muandike humo pia namna ya kugawana mapato na nani atalipa matengenezo. Kumbukeni kwamba kaka wa Brussels ataiona nyumba ya baba mtandaoni, na bei ya kila usiku ataiona vilevile. Heri aione akiwa tayari amesaini.

Na wewe unayepanga? Sheria ya mikataba ya kodi ya tarehe 31 Desemba 2015 inataka mkataba wa maandishi, na mpangaji hawezi kumpangishia mtu mwingine bila idhini ya mwenye nyumba. Mwombe mwenye nyumba idhini ya maandishi inayotaja wazi kwamba utapokea wageni wa muda mfupi. Akikubali kwa mdomo tu, bado hujapata idhini.

Jina moja, kila mahali

Hapa ndipo pesa nyingi za Wakongomani hukwama, kwa hiyo tusiharakishe.

Sisi tuna nom, post-nom na prénom. Fomu za majukwaa haya zina nafasi mbili tu: jina la kwanza na jina la ukoo. Tuseme mama anaitwa Ilunga Kabwe Chantal. Kwenye Airbnb anajiandika Chantal Ilunga, kwa kuwa ndivyo marafiki wanavyomwita. Benki yake imeandika Ilunga Kabwe. Kadi ya mpiga kura ina yote matatu. Kwetu huyo ni mama mmoja tu, lakini mashine inaona watu watatu na inazuia malipo.

Dawa ni kuchagua hati moja iwe kiongozi. Nashauri pasipoti, kama unayo, kwa sababu mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wa picha imetengenezwa isomwe na mashine. Tazama mistari hiyo imeweka nini kama jina la ukoo na nini kama majina mengine, kisha uandike hivyohivyo kwenye jukwaa, herufi kwa herufi. Baadaye nenda benki uombe RIB, yaani karatasi ya utambulisho wa akaunti. Jina likitofautiana na la pasipoti, omba benki ilirekebishe kabla hujaendelea. Usiseme utarekebisha pesa zikishaanza kuingia. Zikianza kukwama, utakuwa unamwandikia mtu wa huduma kwa wateja asiyejua post-nom ni kitu gani.

Kuandikisha shughuli yenyewe

Mgeni mmoja wa kirafiki kwa mwaka si biashara. Lakini ukitangaza bei na kalenda, wewe ni mfanyabiashara, na mlango wako ni Guichet Unique de Création d'Entreprise, ofisi ya Serikali ya kuandikisha biashara, ambayo iko pia Lubumbashi. Kwa mtu binafsi huhitaji kuunda kampuni: unaomba établissement, yaani biashara ya mtu mmoja kwa jina lake. Unatoka na namba ya RCCM (rejista ya biashara), namba ya utambulisho wa kitaifa na namba ya kodi.

Beba nakala ya kitambulisho, picha za pasipoti na karatasi inayoonyesha una haki na mahali utakapofanyia kazi: hati, mkataba au procuration. Kongo ilijiunga na OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na kwa kanuni zake unaweza kuanza na tamko la heshima lililosainiwa, halafu ulete extrait de casier judiciaire (cheti cha rekodi ya jinai) ndani ya siku 75. Weka tarehe hiyo kwenye simu. Maombi yote yanaandikwa kwa Kifaransa, hata kama karani atakusalimia kwa Kiswahili na mkaelewana vizuri kabisa.

Jina la établissement lisikupotezee siku. Chagua fupi, lisiwe na neno "hotel", kwa maana neno hilo litakuletea maswali ya aina nyingine.

Ukitoka hapo, pita kwenye divisheni ya utalii ya mkoa uulize nyumba yako inaingia katika kundi gani la malazi. Kisha pita DRHKAT, wanaokusanya kodi za Haut-Katanga. Hao ndio wa kodi ya mapato ya kupangisha na kodi ya nyumba na ardhi. Waulize asilimia ya mwaka huu na tarehe ya mwisho ya kutoa tamko. Kila deni liwe na karatasi rasmi, na kila malipo yapitie benki. Anayesema "Mama, nipe tu hapa, tutamalizana" hakuachii karatasi yoyote, na mwakani atakuja mwenzake na maneno yaleyale.

Benki, halafu akaunti

Fungua akaunti ya dola: Rawbank, Equity BCDC, TMB, au benki yoyote unayoiamini. Omba SWIFT code (namba ya benki ya kupokelea pesa za nje), na uulize wanakata kiasi gani pesa zikija kutoka nje, maana benki inayozipitisha katikati nayo hukata chake. Usipange maisha yako juu ya M-Pesa au Airtel Money kwa mapato haya. Pochi ya simu itafaa baadaye, kumlipia fundi na mama wa kufua.

Sasa fungua akaunti. Airbnb itaomba picha ya kitambulisho na mara nyingi picha ya uso wako. Pesa za mgeni hukaa kwao, na kwa kawaida hutumwa kiasi cha saa 24 baada ya muda wake wa kuingia, ada yao ikiwa imeshatolewa. Booking.com hufanya tofauti: huchukua kamisheni kwa kila uhifadhi, mara nyingi karibu asilimia 15, na kuna mpango ambao mgeni anakulipa wewe mlangoni, kisha wao wanakuletea ankara ya kamisheni. Hapo usitumie dola zote ukadhani ni zako.

Kwenye anwani utasumbuka kidogo. Fomu inataka namba ya posta, na sisi tunaelekezana kwa avenyu, kartye, "karibu na kanisa". Andika avenyu, namba, kartye na komine, kisha vuta alama ya ramani kwa kidole hadi iangukie juu ya paa lako. Kwa mgeni anayetoka uwanja wa ndege wa Luano usiku, alama hiyo ndiyo itakayomfikisha.

Andika ukweli juu ya umeme

Usiandike "umeme saa 24" kama unategemea Snel, shirika la umeme, peke yake. Andika ulichonacho: inverta yenye betri, sola, jenereta na saa inapowashwa. Vilevile maji: Regideso (shirika la maji), kisima, tangi la lita ngapi. Mgeni aliyeambiwa mapema kwamba jenereta inazimwa saa tano usiku halalamiki. Aliyeahidiwa mwanga akaoga gizani ataandika, na maneno yake yatabaki hapo. Ongeza mablanketi kwa Juni na Julai, wengi wa nje hawaamini kama Lubumbashi kuna baridi.

Bei ifuate msimu. Juni kuna mkutano wa DRC Mining Week, na vyumba vya hoteli huwa vigumu kupata. Likizo kubwa na Desemba ni za ndugu wanaotoka Ulaya. Wafanyakazi wa migodi huja wakati wowote, hukaa wiki nzima, na wanachouliza kwanza ni intaneti na mahali pa kulaza gari ndani ya lupango. Ukiwa kwenye majukwaa mawili, unganisha kalenda zake, la sivyo utapokea familia mbili usiku mmoja.

Mgeni wa kigeni

Weka daftari. Kila mgeni: jina, namba ya pasipoti, viza, tarehe ya kuingia na kutoka. Watu wa DGM (uhamiaji) wakipita, unawafungulia daftari na yanaisha. Mwambie sentineli ajue jina la mgeni anayekuja, asije akamzuia getini saa nne usiku.

Kuna ombi moja la kukataa. Mtu usiyemjua anahifadhi nyumba, halafu anaandika kwamba ubalozi unamdai prise en charge (barua ya udhamini), na wewe umsainie. Karatasi hiyo inakufanya mdhamini wa mtu huyo nchini. Mpe uthibitisho wa uhifadhi uliotolewa na jukwaa, basi. Na akitaka kukulipa nje ya jukwaa ili "muokoe ada", kataa pia. Airbnb hawaruhusu, na ukidhulumiwa hutakuwa na pa kwenda.

Kwa wageni wa mwanzo, kwenye Airbnb zima uhifadhi wa papo hapo, ili kila ombi lipite mkononi mwako. Soma wasifu, uliza anakuja kwa shughuli gani, wako wangapi. Ukiona kalenda inajaa na malipo yanaingia kwa jina sahihi, washa.