Kufuma sweta la vifungo kwa uzi wa mitumba

Kabla ya kulipia sweta la mtumba, lipindue uangalie mishono ya ubavuni. Ikiwa imepigwa ovaloki, yaani mshono wa mashine unaozungushia ukingo uliokatwa, liache: kingo zilikatwa, na ukilifumua utapata vipande vifupi tu, safu kwa safu. Chagua lile ambalo kingo zake ni nzima na uzi wa kuunganishia unafumuka ukiuvuta.

Fumua kuanzia shingoni kushuka, ukizungushia uzi kwenye mgongo wa kiti. Ufunge kwa ulegevu sehemu nne, uloweke dakika 20 katika maji vuguvugu, ukamue bila kuusokota, uanike. Uzi uliojikunja ukifumwa hivyohivyo hudanganya kipimo. Gramu 500 kwa kawaida humtosha mtu wa umbo la kati.

Fuma kipande cha majaribio cha sentimita 15, kifue, kikikauka ndipo uhesabu. Tuseme sentimita 10 zina vitanzi 22. Kifua ni sentimita 92. Ongeza 8 za nafasi, ziwe 100. Mgongo huchukua 50, yaani vitanzi 110. Hapa ndipo wengi hukosea: kila upande wa mbele si 55. Kanda za vifungo za sentimita 3 hulaliana, hivyo toa 3 kwenye 50, gawa kwa 2: sentimita 23.5, vitanzi 52.

Kwa ukanda wenyewe, okota vitanzi, yaani vuta vitanzi vipya kwenye ukingo wa mbele, 3 kwa kila safu 4. Ukiokota kila safu, ukingo hufanya mawimbi. Vikiwa vichache mno, sweta hupanda mbele. Mikono ifume kutoka begani kushuka. Ikizidi urefu, utafumua mwisho wake tu.